Uzito wa Mzinga Kifuani

Amani iwe juu yenu, wakubwa kwa wadogo. Kiti mmenipa, ahsanteni, lakini nitasimama. Mimi nikikaa nasinzia, na itakuwa aibu mtu kusinzia katikati ya habari zake mwenyewe.

Wazee wa kanisa wameniita hapa mbele kwa ajili ya hawa watoto wa darasa la saba waliokaa benchi la kwanza. Wiki hii wanaingia kwenye mtihani. Wameombewa vizuri, na amina nimeitikia pamoja nanyi. Sasa nimeambiwa nishuhudie jinsi nilivyoangushwa na mtihani na jinsi nilivyoinuka. Majina ya watu sitayataja. Wengine wamo makaburini, wengine wamekaa humu humu wanaangalia chini wakidhani nitawataja. Tulieni. Sitamtaja mtu.

Mimi si msomi. Nilifika darasa la nne, nalo nililiachia mlangoni. Ilikuwa kabla ya Uhuru, miaka michache tu kabla. Shule ilikuwa mbali, tunatoka nyumbani umande haujakauka, tunapita porini watoto kundi zima tukiimba ili fisi wajue tumekuja wengi. Hesabu nilikuwa naziweza. Siyo majivuno, waliosoma nami walikuwa wananikalia karibu wakati wa hesabu, na mnajua mtoto hakai karibu na mwenzake bure.

Basi ikaja siku ya mtihani wa kutoka darasa la nne. Ukipita unaendelea na shule ya kati, ukishindwa unarudi kwa baba kushika jembe. Mwalimu akagawa karatasi. Akasema, "Anzeni." Ndugu zangu, nawaambia, neno lile liliniingia tumboni kama maji ya kisima asubuhi ya Juni. Mikono ikatoka jasho mpaka karatasi ikalowana. Swali la kwanza nilikuwa nalijua, nalijua kabisa, lakini namba zilikuwa zinatembea. Nikataka kumwambia mwalimu, mdomo ukafunguka, na badala ya maneno kikatoka kiporo cha jana. Juu ya karatasi. Mbele ya darasa.

Cheka tu, mama, hata mimi siku hizi nacheka. Siku ile hakuna aliyecheka zaidi ya dakika moja, maana mwalimu alipiga meza. Akaniambia, "Toka nje, ukipona utarudi." Nilitoka. Sikurudi.

Baba yangu hakunipiga. Alinipeleka kwa mfumu, yaani mganga wetu wa kienyeji. Msinitazame hivyo, ndipo tulipokuwa wakati ule. Mganga akaniangalia, akasema kuna mtu amenitupia kitu ili nisisome. Akanichanja mikono yote miwili, akapaka dawa nyeusi. Makovu haya hapa, anayetaka kuyaona atayaona baadaye nje. Tangu siku ile pale kijijini nikawa mtu mwenye kitu chake. Ukoo wetu nao ukapewa sifa hiyo: wale hawakai na karatasi.

Nikaenda porini kwa nyuki. Wajomba zangu walikuwa warina asali, na upande wa Ipole mnajua, misitu ya miombo haiishi, unatembea mpaka unasahau ulikotoka. Huko nilipona, au nilidhani nimepona. Nyuki haniulizi swali. Habari ya Uhuru yenyewe niliipata kambini, nimeshika kisu cha asali. Mjomba mmoja akaja anakimbia, anasema, "Bendera imepandishwa, sasa tunajitawala!" Mwenzake, mtu mzito wa maneno, akamjibu, "Haya, jitawale, shika huo mwenge kabla haujazimika."

Nataka niwaeleze jambo moja la kambi, kwa sababu ndilo lililotuponza nyumbani kwangu. Kwa warina asali wa kwetu, neno woga halitajwi porini. Mtu akisema "naogopa", hata kwa utani, hapandi mti siku hiyo. Anarudishwa kuchota maji na kupika. Wazee walikuwa wanaamini nyuki wanausikia woga ukitajwa, wanakuja wote kwa mtu mmoja. Kwa hiyo tulijifunza kupanda huku miguu inatetemeka na mdomo umefungwa. Sheria ile porini ilikuwa na kazi yake. Kosa ni kwamba mimi niliifunga kwenye kibuyu pamoja na asali nikaileta nyumbani. Nilioa, nikapata watoto, na katika nyumba yangu hakuna mtoto aliyeruhusiwa kusema anaogopa. Akisema anaogopa giza, nasema, "Neno hilo halitajwi hapa." Nilidhani nawalea.

Basi miaka ikaenda. Ikaja amri ya kuhamia vijijini, tukahama, tukajenga upya, nyumba kwa nyumba kando ya barabara kama meno. Nisiingie huko sana, hiyo ni habari ya siku nyingine na wengine humu mna machungu yenu. Ninachotaka ni kisomo. Serikali ikasema watu wazima wote wajue kusoma na kuandika. Darasa letu likawa kwenye bani, ile nyumba ya kukaushia tumbaku, maana jengo lingine kubwa hatukuwa nalo. Tunakuja alasiri tukitoka mashambani, tunakaa chini, tumbaku inanukia juu yetu, kila mtu na kibao chake.

Mwalimu wetu alikuwa binti mdogo kutoka Nzega. Mdogo kweli, angeweza kuwa mwanangu wa kwanza. Akiingia anapiga goti kidogo, "Shikamooni wazazi wangu." Sisi, "Marahaba mwalimu." Halafu dakika hiyo hiyo anatugeukia, "Kazi ya jana iko wapi?" Wazee wanatafutana kwa macho.

Kusoma nilikukumbuka haraka. Nilikuwa nafurahi, nasoma mpaka maandishi ya kwenye magunia. Mpaka siku moja mwalimu akasema, "Wazazi wangu, baada ya mavuno kutakuwa na mtihani wa taifa wa kisomo. Atakuja msimamizi kutoka wilayani."

Mtihani. Nikaangalia mlango.

Yule binti alikuwa na macho. Hakusema msiogope, kama wanavyosema wote. Alisema, "Nataka kujua kila mtu anauogopa mtihani huu kiasi gani." Tutasemaje kiasi? Woga una debe? Una kilo? Ndipo akaangaza mle ndani ya bani. Akaokota jani la tumbaku kavu, akaliweka chini. Akaweka jembe pembeni yake. Akaweka debe la asali lililokuwa linangoja gari. Mwishoni akaonyesha mzinga wangu mwenyewe, mzinga wa gogo la mninga nilioacha pale mlangoni, ambao wanaume wawili wanauinua kwa kuguna. Akasema, "Kile kilicho kifuani kwako ukifikiria mtihani, kinalingana na kipi hapa? Nenda kasimame hapo."

Babu yangu mzaa baba alikuwa mpagazi. Alibeba mizigo ya watu katika ile njia ya zamani, kutoka Tabora hadi pwani na kurudi, na upande wa Ujiji pia. Alikuwa anatusimulia kwamba asubuhi ya kuondoka, kila mpagazi anauinua mzigo wake kwanza, anauweka chini, anausema uzito wake mbele ya wenzake wote. Mzito, wa kati, mwepesi. Wanapanga safari kwa maneno hayo. Aliyeona haya kusema mzito, akajifanya mwanaume, huyo ndiye waliyemkuta mbele njiani amekaa chini, macho yamegeuka. Nilimkumbuka babu pale kwenye bani. Kumkumbuka nilimkumbuka, lakini kumfuata sikumfuata.

Maana wanaume wote tulikwenda kwenye jani la tumbaku! Tumebanana pale, jani moja, wanaume wazima, mabega yanagongana. Mmoja, jirani yangu, mrina asali mwenzangu, akasema, "Mimi nimepigana na nyuki, niogope karatasi? Karatasi haina mwiba!" Tukacheka kwa nguvu sana. Watu wanaocheka kwa nguvu namna ile huwa hawana furaha.

Kulikuwa na bibi mmoja mjane, mtu wa makamo ya mama yangu. Akatupita sote na mkongojo wake, akaenda kusimama kwenye debe. Akasema, "Haya chekeni. Mimi nabeba debe. Nyuki akiniuma hanijui jina. Hiyo karatasi wanaandika jina langu juu."

Kicheko kikaisha. Mwalimu akamwambia, "Ahsante sana bibi." Kisha akatutazama sisi wa jani, akaendelea na somo.

Nilikwenda nyumbani nikiwa nimeshaamua. Siku ya mtihani nitakuwa porini. Nikaanza kunoa visu na kusuka kamba. Mke wangu akaniangalia siku mbili tatu.

"Baba watoto, asali ya msimu huu si mmeshavuna?"

"Kuna mizinga ya mbali."

"Ya mbali wapi?"

"Mbali tu, mama."

"Haya. Wasalimie hao nyuki wa mbali. Waambie mume wangu anakuja kuwatembelea siku ya mtihani."

Mwanamke ana sumu yule, Mungu ampe maisha marefu, amekaa pale nyuma anacheka sasa hivi.

Lakini hakuwa anacheka siku ile. Alikuwa na jambo lingine. Binti yetu wa kwanza alikuwa darasa la saba mwaka huo huo. Mwalimu mkuu alikuwa amemwita mama yake, akamwambia mtoto akili anazo, lakini kila siku ya mtihani wa majaribio anatoweka. Hayupo nyumbani, hayupo shuleni. Na mtihani wa mwisho ukiukosa, umeukosa. Pale kijijini watu walishaanza maneno yao: ni ukoo, ni kile kitu cha baba yake, kimehamia kwa mtoto. Hata shangazi zake walikuwa wanataka apelekwe kuchanjwa.

Ndugu zangu, hapo ndipo nilipoelewa kwamba nilichokuwa nakimbia hakikuwa changu peke yangu. Nikikimbilia porini, binti yangu atakuwa na sababu ya kukimbia maisha yake yote, na sababu hiyo ni mimi.

Asubuhi ya jaribio lingine nilimkuta nyuma ya nyumba. Ameinama, ameshika ukuta, anatapika maji matupu. Sare imepigwa pasi, nywele zimesukwa vizuri. Alipojua nimesimama nyuma yake alijifuta haraka, akasema, "Siogopi, baba."

Siogopi, baba. Sikumuuliza kitu, lakini jibu alikuwa nalo tayari. Ni mimi niliyemfundisha.

Nikakumbuka maneno ya yule binti wa Nzega. Nikamwambia, "Mama," maana ana jina la mama yangu, "mama, mtihani huu una uzito gani kwako? Jani? Jembe? Debe? Nionyeshe tu, usiseme."

Alinitazama kama mtu anayetegewa. Kisha akatembea polepole mpaka kwenye mzinga mpya niliokuwa nimeuchonga, ulikuwa umelala kivulini kando ya ghala. Akapiga magoti. Akaweka viganja vyote viwili juu yake. Akalala kifua juu ya gogo lile, akalia.

Nikaenda nikapiga magoti upande wa pili. Nikaweka mikono yangu pale. Nikasema, "Hata wa kwangu ni huu. Tangu nina umri kama wako."

"Wewe, baba?"

"Mimi."

"Nawe unaogopa?"

Nikalisema lile neno ambalo nilikuwa sijalisema tangu nianze kupanda miti. Nikasema, "Naogopa." Na nyuki hawakuja. Alikuja mama yake na maji ya kunawa uso, akatukuta baba na mtoto tumekumbatia mzinga mtupu, akauliza kama tumerogwa. Tukacheka wote watatu huku machozi yanatoka.

Alasiri ile nilikwenda naye kwenye bani, tukamkuta mwalimu amevipanga vitu vile tena, kila mtu amesimama pake. Nikapita mbele ya wanaume wenzangu, nikauacha ule mlundikano wa kwenye jani, nikasimama kwenye mzinga. Binti yangu akasimama nami. Yule jirani wa karatasi haina mwiba akaguna. Kisha akaenda kwenye debe, akamwambia bibi, "Sogea, bibi, tubebe wote."

Mwalimu hakutusifu. Alisema, "Vizuri. Kwa kuwa tumeupima, sasa tutaupima tena." Tangu siku hiyo tukawa tunafanya mtihani mdogo kila alasiri. Kimya kama ule wa kweli. Bibi alivaa kofia ya marehemu mumewe akawa msimamizi, anazunguka na mkongojo, "Wewe, macho kwako! Nitakufukuza mpaka wilayani!" Kabla ya kuanza tunasema uzito. Katikati mwalimu anatusimamisha, tunasema tena. Tukimaliza tunasema tena.

Na hapo ndipo lilipotokea lililonigeuza. Sikilizeni vizuri, watoto. Siku zote nikiwa mlangoni nilisema mzinga. Lakini nikishaandika jina langu na jibu la kwanza, akiniuliza, nikijisikiliza kwa haki, ulikuwa ni debe. Mwishoni ni jembe tu. Kesho yake tena hivyo hivyo. Binti yangu, aliyekuwa akifanya pamoja nasi, vile vile. Nikamwambia mwalimu, "Kumbe unapungua!" Akasema, "Unapungua, baba. Ila mtu akikimbia akiwa mlangoni, hawezi kujua."

Nilikaa chini. Miaka yote ile nilikuwa nimeondoka pale ulipokuwa mzito kupita wakati wowote, nikadhani ndivyo ulivyo mpaka mwisho. Mganga alisema ni kitu nimetupiwa. Lakini kitu cha kutupiwa hakipungui kwa kuandika jina lako. Ulikuwa woga tu, wenye mwanzo wake, kilele chake na mteremko wake.

Mtihani wa kisomo ukaja. Msimamizi wa kweli hakuwa mkali kama bibi, alikuwa kijana mpole mwenye mafua. Nilitetemeka. Sisemi uongo katika nyumba hii, nilitetemeka mpaka kalamu ikachora mstari usiokuwemo. Nikajiambia kimoyomoyo, mzinga, huu ni mzinga, na niko mlangoni. Nikaandika jina langu. Nikaandika jibu la kwanza. Nikaendelea. Hesabu za mwisho sikuzimaliza, na daraja la juu sikupata mwaka ule, nilirudia uliofuata. Lakini nilitoka nikiwa nimeishika karatasi yangu mpaka ilipoombwa.

Binti yangu alikuwa nje anachungulia kwenye matundu ya bani. Alinisubiri, akaniuliza, "Ulitapika?" Nikasema, "Sikutapika." Akasema, "Basi na mimi nitaingia."

Wa kwake ulifanyika shule ya kijiji cha pili. Nilimsindikiza kwa miguu. Njiani alisema mzinga. Getini akasema mzinga, mkono wake ndani ya mkono wangu una baridi. Nilitamani kumwambia turudi nyumbani. Mzazi yeyote humu anajua. Nikamwachia mkono. Akaingia.

Nilikaa nje ya uzio na wazazi wengine jua lote lile. Kila mlango ulipofunguka nilisimama. Akitoka mtoto anashika tumbo, nasimama. Sikumwona. Mwisho kengele ikagongwa wakatoka wote kwa pamoja, na nikamwona katikati ya wenzake, anatembea kama mtu aliyetoka kulima. Nilikuwa na maswali mengi ya kumuuliza. Umemaliza? Umejibu? Ulikuwaje? Kabla sijafungua kinywa akasema:

"Baba, nina njaa."

Mtoto ambaye siku ya mtihani hakuweza kumeza hata mate. Nilifungua kitambaa, kulikuwa na matobolwa, vile viazi vitamu vikavu vya kuchemsha alivyoniwekea mama yake, na karanga. Alikula vyote, amesimama, bila kunibakizia hata kimoja. Sijawahi kushiba namna ile.

Mtaniuliza kama alichaguliwa. Hakuchaguliwa kwenda sekondari. Nafasi zilikuwa chache, na watoto wengi wenye akili walibaki mwaka ule. Alilia, nasi tulilia naye. Lakini alilia kwa kukosa nafasi, hakulia kwa kukimbia, na hayo ni machozi mawili tofauti. Baadaye amefanya mitihani mingine ya kazi yake, na kila mara ananiambia uzito wake kabla ya kuingia.

Basi nawashukuru. Namshukuru yule binti wa Nzega, popote alipo, aliyetupigia goti na bado akatuona. Namshukuru bibi wa debe, aliyesema kweli kabla ya wanaume, Mungu amlaze pema. Namshukuru mke wangu kwa matobolwa na kwa sumu yake. Na jirani yangu, nawe unajijua, ahsante kwa kutoka kwenye lile jani.

Wazazi, neno langu kwenu ni dogo. Leo mkifika nyumbani msimwambie mtoto asiogope. Mkimwambia hivyo atawajibu siogopi, na mtakuwa mmemwacha peke yake na gogo lake. Muulizeni anaogopa kiasi gani. Mpeni kitu cha kushika ili aonyeshe. Na akishaonyesha, na ninyi onyesheni wa kwenu.

Nanyi watoto, mlangoni patakuwa pazito. Ndivyo palivyo. Andikeni jina lenu, mwendelee. Sisi tutakuwa nje ya uzio, na chakula tumebeba.